Muliuliza, Yaya anajibu: Ule mutu wa ndani ya telefone ni nani kwako?

Goma. Jambo wasomaji. Mwezi uliopita nilitaja kidogo tu, mustari moja, kama kuna wanaantropolojia wenye wanasoma maisha ya watu ndani ya gemu za intaneti sawa venye wengine wanasomaka maisha ya kijiji. Basi telefone yangu haijalala tena. Barua zilikuja mingi, nimechagua tano, zingine nimezikata juu ukurasa ni mudogo. Majina ya kartie (mitaa) nimeyaacha yabaki, majina ya watu nimetoa.

*Yaya jambo. Niko mwanafunzi, mwaka ya mwisho, antropolojia. Nilipelekea direktere suje ya TFE yangu, kitabu ya kumaliza masomo: maisha ya bajeune ndani ya gemu za telefone. Alicheka mpaka akaita benzake ba biro ya pembeni. Asema, na tereni yako, pahali pa kufanyia utafiti, iko wapi, utapanda pikipiki ikufikishe mu seva, ile komputa yenye inabeba gemu? Niache ao niendelee? — Mwanafunzi, Himbi*

Endelea, mudogo wangu. Lakini usimukasirikie direktere, swali ya tereni ni swali ya maana hata kama aliiuliza akicheka.

Kuna profesa mumoja wa California, Tom Boellstorff. Mbele alikuwa anafanyaka utafiti Indonesia, tereni ya kawaida, kujifunza luga na kula chakula ya watu. Kisha mwezi wa 6 mwaka 2004 akaingia Second Life, dunia ya ndani ya komputa yenye ilifunguliwa 2003. Humo hakuna adui wa kuua wala kombe ya kushinda, watu wanajenga nyumba, wanafungua maduka, wanaoana, wanachokana, wanaachana. Alikaa humo mpaka mwezi wa 1 mwaka 2007. Alikuwa na nyumba yake, aliiita Ethnographia, aliwaambia majirani wazi kama yeye ni mtafiti, akafanya mahojiano, akaenda kwenye sherehe zao, akaandika mambo yenye ameona sawa vile angekuwa kijijini, na kitabu ikatoka 2008. Anaandika hata vitu vidogo venye wewe ungepita tu: mutu akitoka mbele ya komputa, labda kufungua mulango ao kuangalia chungu, avatari yake, ule mwili wake wa ndani ya komputa, inabaki imesimama kichwa kimeanguka mbele, sawa muzee mwenye usingizi umemukamata ndani ya misa, na wenzake wanajua kama yuko na hayuko, wanamungojea. Hiyo ni adabu ya pale. Tereni ni hiyo.

Kitu yenye ilileta mabishano ni kwamba Boellstorff hakutafuta kuwaona wale watu inje. Sababu yake: wao wenyewe wengi wanajuana humo tu, basi yeye akienda kupima nani ni nani inje atakuwa anatumia kitu yenye hata jirani wa humo haijue. Mi nakubali nusu. Kwa Second Life sawa, lakini hapa Goma, mudogo wangu, telefone ni moja mu nyumba ya batoto watano. Asubui kaka anacheza, mangaribi mudogo wake, usiku binamu, na jina ni lile lile moja, na timu inafikiri ni mutu mumoja mwenye siku zingine ana akili na siku zingine hana! Ukibaki ndani ya gemu tu hiyo hutaiona. Mwenzake Boellstorff, Bonnie Nardi, alifanya utafiti wa gemu ya World of Warcraft akicheza mwenyewe, akaenda mpaka China kuona venye wanacheza wamekaa begani kwa begani mu siba, nyumba ya kulipia intaneti. Wewe pia fanya hivyo, nusu ya daftari iwe ya ndani na nusu ya pale kwenye meza ya kuchajisha telefone, penye waya kumi zinatoka kwa groupe (jenereta) moja na kila mutu anachunga asilimia yake. Direktere akisoma hiyo ukurasa hatacheka tena. Ao atacheka vizuri.

*Yaya, mi niko muzazi. Mutoto wa miaka 14 alitosha dola 12 mu telefone yangu asema ananunua almasi. Almasi ya gemu! Nikamwambia nionyeshe iyo almasi, akanionyesha shati. Shati ya kamutu ka mu gemu. Hii haiko bufala? — Papa, Mabanga*

Papa, kwanza badilisha kode ya telefone, leo hii, kabla ya kumaliza kusoma. Na mutoto alirudishie zile 12, hata kwa kufagia lupango miezi sita, juu kuiba ni kuiba.

Lakini ile shati siyo bufala. Mwaka 2001 mwanauchumi Edward Castronova alikaa akahesabu mali ya dunia moja ya gemu yenye inaitwa Norrath, watu walikuwa wanauziana vitu vya humo kwa dola za kweli. Alikuta kwamba kwa mutu mumoja pato ya mwaka ni dola 2,266, akasema ingekuwa inchi ingekaa katikati ya Urusi na Bulgaria. Inchi yenye haiko kwenye karte! Na Papa, sisi Wakongo, sisi wa sape, wa kuvaa vizuri, sisi wenye mutu anaweza kulala njaa wiki juu ya viatu ya Italia, sisi njo tutashangaa mutu kutoa franga juu ya shati ya kuonekana? Muulize mutoto swali moja tu: ile shati, nani anaionaka? Majina yenye atakupa, andika. Wale njo kartie yake, na wewe huwajui.

*Yaya, niko binti ya miaka 21. Mu gemu naitwa Muzee, jina yote siandike. Nilipoanza niliingia na jina ya kike na sauti yangu, basi bajeune wanaacha kucheza, mumoja anaomba nambari, mwingine anatukana mama yangu. Nikazima mikro, nikachukua jina ya kiume. Leo niko shefu wa timu ya batu 20, wananieshimu, banasema "Muzee amesema". Lakini roho inanisumbua, naona sawa nabadanganya. Na tena siku hizi hata ku nyumba naongea sawa Muzee, mama ananiangalia tu. Sasa mimi niko nani? — Binti, Katindo*

Dada, wewe uko Mukongo, uko na jina ngapi? Nom, postnom, prenom, hapo tayari tatu. Ongeza ya nyumbani na ile ya masomo yenye walikupa juu ya mambo moja ulifanya mwaka wa tatu. Wazazi wetu mwaka 1972 serikali ya Mobutu iliwatosha prenom za ubatizo, Joseph-Désiré mwenyewe akawa Sese Seko, na kesho yake watu waliamuka walewale na deni zao zilezile. Na siku utazaa utaitwa Mama Fulani, jina yako itapotea mu kartie, hakuna mutu atasema unadanganya. Majina mingi hayajasumbuaka mutu hapa kwetu. Njo maana nikisoma wazungu wanashangaa kama mutu ni wawili watatu ndani ya komputa, mi nauliza, na nyinyi mulikuwa mumoja lini?

Sasa ya kudanganya. Kuna habari moja ya zamani, ilitoka mu gazeti la Marekani 1985, ya mwanamuke mwenye aliitwa Joan kwenye mazungumzo ya mtandao wa CompuServe, wakati ule ni maandishi tu kwenye skrini nyeusi. Joan alisema yeye ni kilema, bubu kwa sababu ya aksida, na wanamuke wengi wakamupenda, wakamwambia siri za ndoa, za mwili, za huzuni. Kumbe Joan ni mwanaume, daktari wa magonjwa ya akili. Wale wanamuke waliumia vibaya sana. Jina tu isingewaumiza hivyo, ni venye aliingia mpaka chumbani kwao na kuchukua vitu venye wasingemupa yeye. Basi jipime na hiyo. Kama kuna kijana wa timu anakwambia siri sawa anaambia kaka yake, ao kuna binti anakupenda akizani uko kijana, hapo Dada uko na kazi ya kufanya, tena haraka. Lakini kama ni "wewe linda mulango, wewe piga kushoto", uliwadanganya nini? Uliwaficha kitu moja, na wao njo walikuonyesha juu ya nini uifiche.

Na ile ya kuongea sawa Muzee ku nyumba, haiko pepo. Mwaka 2007 Nick Yee na Jeremy Bailenson walifanya jaribio, wakawapa watu avatari refu ao fupi bila kuwaambia kitu, wakawaambia wagawane franga na mwenzao. Wenye walipewa mwili murefu walibishana kwa nguvu zaidi. Mwili wa kukopa, dakika chache tu! Wewe umemuvaa Muzee miaka. Mwambie mama tu azoee.

*Yaya, gemu yetu tulichezaka miaka mitano seva walifunga. Tukahama groupe yote mu gemu ingine. Wenyeji wa kule banatuita "badeplase", ni kusema wakimbizi, sisi nasi tukaizoea, tukajiita hivyo. Bibi yangu aliposikia alikasirika kabisa, asema nisirudilie ile neno mu nyumba yake. Yeye nyumba yao iliungua 2002. Nani iko na haki? — Kijana, Keshero*

Bibi yako.

Nikitaka ningeishia hapo. Mutu mwenye alilala inje na bashi juu ya kichwa, mutu mwenye aliona Nyiragongo ikishuka tarehe 17 mwezi wa 1 mwaka 2002, lave ikapita katikati ya muji mpaka ndani ya ziwa, halafu wewe uko na kitanda, na soda pembeni, unajiita deplase. Na hapa Goma sasa ile neno haijawa hadithi ya zamani, unajua vizuri. Usiirudilie.

Ila kuna kitu uko nayo ndani ya ile neno na sitaki uitupe pamoja nayo. Kulikuwa na gemu inaitwa Uru, ya kufumbua mafumbo, haina vita. Sehemu yake ya mtandaoni hata haikuzinduliwa rasmi, walikuwa wanaijaribu tu, na tarehe 9 mwezi wa 2 mwaka 2004 ikafungwa. Usiku wa mwisho wachezaji walikusanyika ndani, gemu haikuwa na namna ya kushikana mikono, basi wakasogeza avatari karibu karibu mpaka ikaonekana sawa wameshikana, wakangoja skrini iwatupe inje. Nao pia walijiita wakimbizi. Mtafiti Celia Pearce aliwafuata mwaka na nusu, alikuwa na avatari yake inaitwa Artemesia. Wengi walihamia dunia ingine, There, na venye walifika kwa wingi mashine zikawa nzito kwa kila mutu, wenyeji wakakasirika: hawa wametoka wapi, wanatujazia, warudi kwao. Kuna wenye walikuwa wanakuja makusudi kuwasumbua. Walihamahama humo ndani mpaka wakapata kisiwa chao. Wakajenga vitu vya kwao, wakaendelea kujiita watu wa Uru, na watu wa Uru walijulikana hata kwa namna ya kucheza.

Unaona, hapo mi njo nilisimamisha kusoma nikaenda kuchota maji kwanza. Juu hiyo tunaijua. Mutu akitoka kwao hapakuwe tena, anabeba nini? Hawezi kubeba shamba. Anabeba "sisi ni wa wapi". Fika hapa muji, hesabu mutuele (shirika za watu wenye walitoka pahali pamoja), hesabu kwaya, hesabu timu za mupira zenye zina jina ya kijiji yenye wachezaji nusu hawajaiona na macho. Kwao ya Uru ilikuwa rangi na hesabu ndani ya mashine, sawa, lakini ile kazi ya kukaa pamoja mahali pa kigeni na kukumbushana walikuwa nani, hiyo waliifanya na mikono yao wenyewe, masaa na masaa, na Pearce aliiona. Kisha Uru ilifufuliwa, 2007, ikafa tena, 2010 ikafunguliwa bule na michango ya wapenzi wake njo inailisha mpaka leo. Na wengi wa wale wa kisiwa hawakurudi kukaa. Walienda kusalimia tu. Walikuwa wamekuwa watu wa Uru wa There, na hao hawana pengine. Mwambie bibi yako hiyo sehemu, nazani ataisikia mbiyo kuliko wewe.

Aa, na wale wenyeji wa There wenye waliwafukuza? Mwezi wa 3 mwaka 2010 There nayo ilifungwa. Ilirudi 2012, lakini miaka miwili wao nao walitafuta pa kukaa.

Neno ingine ya kujiita tafuteni wenyewe. Muko na miaka mitano ya hadithi, haiwezi kukosekana.

*Yaya, niko mama ya Ndosho. Mutoto wangu wa tatu alikuwa SS, ugonjwa ya damu. Masomo ilimushinda juu kila mwezi mbili iko hospitali, akakaa tu ku nyumba na telefone, mi nilikuwa nalia asema mutoto wangu hana rafiki. Alituacha na miaka 19. Siku ya kilio bakaja bajeune saba benye hatujui, mumoja alitoka Bukavu na boti usiku, bakamuita mutoto wangu Kapiteni. Balileta dola 64. Pale ku meza ya mchango, mutoto wa shemeji yangu njo alikuwa anaandika, daftari iko na sehemu: familia ya baba, familia ya mama, jirani, kanisa, masomo. Akabauliza, nyinyi muko banani kwa marehemu? Bakaangaliana. Mumoja akasema "tulikuwa tunacheza naye." Shemeji yangu mukubwa akasema batoke, ni uongo, wanatafuta chakula. Bakakaa inje ku mawe mpaka mangaribi. Sasa tunatayarisha siku ya kumaliza kilio, mi nataka kubaita, shemeji anakataa. Kweli bale batoto balikuwa nani kwa mutoto wangu? — Mama, Ndosho*

Mama, pole. Pole sana. Barua yako niliisoma mara ya kwanza juu ya pikipiki nikiwa naenda kazini, nikamwambia shofere asimame kidogo.

Norvegi kulikuwa na kijana, Mats Steen. Alizaliwa na ugonjwa wenye unakula misuli, akakaa kwenye kiti ya magurudumu, na miaka yake ya mwisho zaidi aliipitisha mbele ya komputa, World of Warcraft, usiku kwa usiku. Wazazi walimupenda, walimuhudumia, na walikuwa wanalia sawa wewe, asema mutoto wetu anaondoka bila rafiki, bila upendo, bila kufanya kitu kwa mutu. Alikufa mwezi wa 11 mwaka 2014, miaka 25. Alikuwa anaandikaka habari zake kwenye intaneti, basi baba yake akaingia pale akaandika kama mutoto amekufa, akafikiri hakuna mutu atajibu. Barua zikaanza kuingia, za watu wenye hawajui, inchi hii na inchi ile. Mwenye aliandika urefu, mwenye alisema huyu mutoto wako alinisaidia kupatana na mutoto wangu. Kwenye gemu aliitwa Ibelin, alikuwa anakimbia, anasikiliza watu, anawachekesha. Timu yake, Starlight, ilichanga franga ili wenye hawana uwezo wapate kufika kwenye mazishi. Walifika.

Soma tena ile mustari ya mwisho, Mama, kisha uwaze ile boti ya Bukavu.

Shemeji yako mumuheshimu, ni mukubwa, na ana sababu, hapa muji kilio zinajaa watu wa kula. Lakini mwenye anatafuta chakula haleti dola 64, na hakai inje ku mawe mpaka mangaribi bila kupewa hata kikombe. Watu saba, dola 64, hiyo haigawanyike sawasawa, unaona? Maana yake kila mutu alileta yenye alikuwa nayo. Labda na wengine wenye hawakuja walituma. Hiyo ni mchango kabisa kabisa, sawa ile ya jirani, ilipita kwa namna ileile.

Uliniuliza walikuwa nani kwake. Wanaantropolojia miaka mingi walikuwa wanauliza undugu ni damu ao ni nini, na jibu yenye ilirudi kila pahali ni kuangalia nani analisha nani, nani anakesha na nani, nani anabeba maiti. Mutoto wako usiku wa maumivu, ule usiku SS inakamata mifupa na wewe umechoka umelala kidogo, unazani alikuwa anakesha na nani? Waulize wale batoto. Watakwambia masaa. Watakwambia na vitu alisema, labda vingine vitakuchoma, vingine utacheka, na vyote ni vyako.

Waite. Shemeji umupitishie ule mwenye alitoka Bukavu, amusalimie yeye wa kwanza, amuletee hata kilo ya sukari, amueleze mwenyewe safari ya boti, muzee akisikilizwa analegea. Na ile daftari iko kwako? Iangalie, mi nina hakika mutoto wa shemeji aliwaandika chini kabisa, "wengine". Chukua kalamu, kata ile neno. Andika "timu ya Kapiteni", kisha majina saba, yale ya nyumbani na yale ya gemu, yote mbili.